Furu wa Zambarau na Nishani Yangu

Jumamosi, 1 Agosti 1987. Nyasho, Musoma.

Nimehukumiwa. Baba mdogo Bernado kanawa mikono, kakaa kwenye kiti chake, kasema mbele ya mama mdogo na kuku wote kwamba tarehe ishirini na mbili lori la pamba likirudi Bunda, mimi nimo. Nikamvunie mjomba Silasi pamba, nikachunge na ng'ombe wake. Labda nipate kazi mjini kabla ya hapo. Nikasema kazi naitafuta. Akasema ananionaga nikiitafuta, huwa nimelala. Mama mdogo Dafroza akacheka hadi uji ukamchoma mkono. Safi sana.

Bunda! Mimi! Mtu aliyefika kidato cha pili na kukaa humo miaka miwili! Pamba inachana vidole, ng'ombe hawana shukrani, na jua la kule halijui kwamba mimi ni wa mjini.

Jioni bombani nimemkuta Florian wa nyumba ya jirani. Huyu kamaliza kidato cha sita na tangu siku hiyo hatujapumzika. Anavaa miwani ya mitumba. Macho yake mazima kabisa. Anakusanya konokono wa kichocho kwenye makopo ya maziwa, na anawaita kwa majina ambayo hata padri hawezi kuyatamka. Leo alikuwa kavimba kuliko kawaida. Kuna tuzo! Tuzo ya Mtafiti Chipukizi wa Baiolojia! Inatolewa na jumuiya fulani ya wasomi wa viumbe, na mwamuzi wa huku ni Daktari Hana, yule dada anayetafiti samaki wa ziwani. Kijana wa chini ya miaka thelathini aliyegundua jambo jipya kuhusu kiumbe hai anavishwa nishani, anapigwa picha, halafu anaajiriwa mwaka mzima kuwa mtafiti msaidizi. Hapa hapa Musoma! Meza! Koti jeupe! Sabuni ya kufulia koti, maana serikali haiwezi kukupa koti jeupe ikakunyima sabuni!

Nikamwuliza Florian kama mtu wa kidato cha pili anaruhusiwa. Akanipigapiga begani, akaniita Profesa, akanishauri nisubiri tuzo ya kula ugali.

Sawa. Tutaonana, mzee wa konokono.

Jumatatu, 3 Agosti.

Asubuhi nimekwenda kwa Daktari Hana. Kumbe daktari wa samaki hatibu. Nilimwuliza samaki wa huku wanaumwaga nini zaidi. Akasema wanaumwa kuliwa. Nimempenda. Akasema ugunduzi ni ugunduzi, cheti hakiulizwi, mwisho wa kuleta ni Ijumaa tarehe kumi na nne.

Mchana nikagundua. Kombamwiko mwenye kichwa cha panzi na mkia wa nge! Kumgundua kulinichukua saa nyingi na ulimbo mwingi. Jioni nikampeleka kwenye kiberiti, mkono mmoja nyuma kama waziri.

Daktari Hana akainama na kioo chake cha kukuzia. Akagusa. Kichwa kikabaki kwenye kidole chake. Mkia ukadondoka wenyewe bila kuguswa na mtu, kwa woga tu. Daktari akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema mdogo wangu, leta kitu cha kweli, hata kiwe kidogo. Na nani alikuwa mlangoni na makopo yake? Florian! Akauliza kama kichwa changu mimi nacho kimebandikwa kwa ulimbo.

Nimelala nikifikiri. Kosa limeonekana: viungo vingi. Safari hii mnyama awe mmoja, mzima, mwenye kichwa chake mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti. Butiama, kwa babu.

Akili nyingine ni mzigo! Sikilizeni. Nilizunguka soko la samaki mjini. Sangara, dagaa, sato wachache. Hao kila mtu anawajua, hata mtoto wa kunyonya. Nikamkumbuka furu! Furu ni visamaki vidogo vya miiba, tulikuwaga tunavila Murangi nilipokuwa mdogo, vimejaa ziwa zima hadi unavichota kwa kanga. Siku hizi ziwani havipo. Sangara kavifagia vyote. Kwa hiyo nikimpaka furu rangi, nani atamlinganisha na nani? Hakuna!

Na furu wapo wapi? Kwenye lambo la babu Clementi, Butiama, wanaogelea chini ya miguu ya ng'ombe!

Habari yenyewe ni hii. Babu ni mtu wa ziwani. Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, wenzake walibeba milango na kuku. Yeye alibeba debe la furu hai kichwani, kutoka ufukweni hadi huku porini, akisema hawezi kuzeekea kwenye maharage. Akawamwaga lamboni. Wakazaana. Watu wanamcheka hadi leo, na hadi leo anakula furu kila Jumapili, hawapi.

Nimemkuta anatafuna kichwa cha mmoja. Nikamwambia nahitaji wachache kwa ajili ya sayansi. Akauliza sayansi ni binti wa nani. Nikampa kipande cha sabuni alichokuwa kakiweka mama mdogo dirishani, akaniruhusu kuchota debe.

Alhamisi, 6 Agosti.

Debe limefika salama juu ya gari la mahindi. Mimi sijafika salama sana. Mama mdogo anaulizia sabuni.

Rangi sasa. Nimeamua zambarau, ile dawa wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Hakuna samaki wa zambarau duniani. Nikaenda zahanati, nikamwambia nesi Esta nina vidonda ulimini. Nilitegemea chupa. Yeye akaniambia panua, akanipaka ulimi, ufizi, midomo, hadi mlango wa koo. Nikarudi mapokezi, nikapanga foleni upya, nikasema na nyumbani wote tunaumwa. Akanipa chupa iliyobaki nusu ili nitoke.

Nimewapaka! Mistari tumboni, doa kubwa mgongoni, pete machoni kama miwani ya Florian. Wazuri hadi nimewaonea huruma. Nimewapa jina la kisomi, kutoka kwangu mimi Renatus: Furu Renatusi. Aliyependeza kuliko wote nimemtia kwenye chupa ya jemu, uvunguni mwa kitanda. Wengine wamo kwenye karai jikoni.

Florian kaniona bombani. Akauliza mdomo umekuwaje. Nikasema mambo ya kitaalamu, hawezi kuelewa.

Ijumaa, 7 Agosti.

Msiba!

Nimerudi mchana nikalikuta karai limeinamishwa ukutani, safi, linakauka. Jikoni kunanukia vitunguu. Sebuleni wamekaa baba mdogo na katekista Felisian, wanalamba vidole. Mama mdogo ananiambia kwa furaha kwamba Mungu mkubwa, kakuta furu nyumbani, furu ambaye hajamtia mdomoni tangu sangara waje na mafuta yao yanayonuka, na leo ni Ijumaa, na mgeni yupo! Alidhani baba mdogo kawaleta kama zawadi. Baba mdogo naye alidhani mke kawatafuta. Wakapendana ghafla, wakala.

Nikauliza mchuzi ulikuwa na rangi gani. Akasema ulikuwa na rangi kidogo, akadhani ni nyanya za siku hizi.

Baba mdogo akafungua mdomo aniulize kwa nini nimeshika kichwa. Zambarau! Ulimi, meno, ndevu! Katekista naye akacheka. Zambarau hadi nyuma! Wakatazamana. Sikusubiri. Nimeandika haya nikiwa chini ya kitanda na Furu Renatusi wa mwisho, ambaye ananiangalia vibaya.

Jumapili, 9 Agosti.

Katekista Felisian kasoma Neno na leso mdomoni. Waumini walidhani analia. Wengi wakalia naye. Ibada haijawahi kuwa nzuri hivyo.

Baba mdogo hatoki nje. Kasema lori la tarehe ishirini na mbili anaona linachelewa.

Jumatatu, 10 Agosti.

Sijui nianzie wapi. Nimeshinda! Karibu.

Nimempeleka samaki asubuhi ndani ya chupa, nimemfunika kitambaa cha meza cha mama mdogo. Nikakifunua taratibu. Daktari Hana akaangalia. Akaniangalia mimi, mdomo wangu hasa. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akamshika Furu Renatusi, akampangusa mara moja.

Zambarau yote ikahamia kwenye pamba.

Nikaanza kutazama dirisha, kama linatosha mtu. Lakini dada hakucheka! Akakaa chini. Akamgeuza samaki, akamhesabu miiba, akafungua kitabu, akafunga, akamrudisha majini haraka kama mtoto wa kuazima. Sauti ikamtoka ndogo. Akaniuliza samaki huyu nimempata wapi. Akasema amemtafuta ziwani kwa nyavu tangu atoke chuo. Wazungu wameshaandika kwamba wa aina hii kaisha kabisa. Kama yuko hai mahali, na mtu akamwonyesha mahali penyewe, basi huo ndio ugunduzi wa mwaka.

Nikafikiri upesi, mimi nafikiriaga upesi. Nikisema lambo la Butiama, atajua ni kisamaki cha babu, cha tope la ng'ombe. Nani atamvisha mtu nishani kwa kuchota debe? Ataniuliza nimefanya nini hasa, nami nitajibu nini? Nimeazima ndoo?

Nikamwambia Murangi. Ziwani kabisa, mbali na ufuko, kwenye mwamba ambao wavuvi wanauogopa. Nikamwambia nilizama peke yangu, mawimbi hivi, sangara mkubwa ananifukuza hivi, nikamnyakua huyu kwa mkono huu hapa. Daktari akaushika mkono huo kwa mikono yake miwili.

Kesho tunakwenda Murangi na Landrova! Nimekaa mbele tayari, kwa majaribio.

Jumatano, 12 Agosti. Murangi.

Nyavu jana: sangara. Nyavu leo asubuhi: sangara, na kandambili. Kila ninapoonyesha mwamba, wanatupa nyavu, na sangara wanatoka wamekaa kama wabunge. Mimi nimetapika pande zote mbili za mtumbwi ili asionewe mtu.

Jambo moja sikulipangia. Murangi ni kwetu. Wananijua! Mama yangu mkubwa, Justina, kaja ufukweni na kapu lake, kaambiwa kwamba huyu kijana ndiye mzamiaji. Alikaa chini kwenye mchanga. Akasema huyu? Huyu anayeogeshwa kwa beseni? Huyu aliyekimbia mvua akiwa na miaka kumi na minne akisema maji yanamfuata? Akaita wenzake waje wasikie. Wakaja. Na vyombo vyao wakaacha.

Daktari Hana hakucheka. Alikuwa anaangalia ziwa.

Alhamisi, 13 Agosti. Murangi bado.

Dizeli imebaki ya kurudia tu, na hiyo yenyewe Daktari aliipata kwa kupiga magoti ofisi ya mkoa. Jioni Daktari kaniita kando. Kakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, miguu ina matope, miwani imepasuka pembeni. Kaniambia kwa upole kabisa. Mdogo wangu Renatus, hajali mimi ni mzamiaji au si mzamiaji. Hajali rangi. Hata kama samaki alitoka kwenye dimbwi la ng'ombe, nimwambie tu, kwa sababu akirudi bila mahali mradi wake unafungwa, na kesho ndiyo mwisho wa tuzo, na tuzo itakuwa yangu. Akasema hivyo hivyo, kwa mdomo wake: dimbwi la ng'ombe!

Neno Butiama lilifika kwenye meno.

Halafu nikashtuka. Mtego! Katoa wapi habari za dimbwi la ng'ombe? Anajua! Ananipima! Mtafiti wa kweli hayumbishwi. Nikajikaza, nikanyoosha kidole, nikamwambia mwamba upo mwingine, mbali zaidi, nilikuwa nimeusahau.

Akatazama kidole changu kwa muda. Akainuka, akasema tufungashe.

Nimefaulu mtihani, naona.

Jumamosi, 22 Agosti. Musoma.

Ukumbi wa kutolea tuzo umejaa. Nimevaa shati la baba mdogo na viatu vya katekista, vyote kwa siri. Lori la pamba limesimama nje, linanguruma. Sikulijali. Nimekaa karibu na jukwaa ili nisiwachoshe watu wakati wa kupita.

Daktari Hana kapanda jukwaani, kanawiri, miwani mipya. Kasema mwaka huu tuzo inakwenda kwa kijana aliyeonyesha kwamba furu aliyedhaniwa kaisha yuko hai, tena anazaana. Nikainuka. Nikaanza kushukuru kwa mikono. Kisha nikasikia jina.

Florian!

Nikabaki nimesimama kama mnazi uliopotea bara. Ikabidi nijifanye nawapigia makofi.

Nimeelezwa yote baadaye, na sijaamini. Nilipokuwa Murangi nikitapika kwa ajili ya taifa, Florian alikuja kwetu kuazima chumvi. Akamsifu mama mdogo kwa ule mchuzi, maana mji mzima ulishausikia. Akamwuliza furu wenyewe walitoka wapi. Mama mdogo, ambaye alishanibana hadi nikakiri, akamjibu kwamba debe kalileta Renatus, kutoka kwa babu yake, Butiama. Basi! Akapanda baiskeli, akaenda, akamwamkia babu, akaonyeshwa lambo, akahesabu, akachora, akawahi Ijumaa jioni wakati Daktari ndiyo kwanza anashuka kwenye Landrova. Hakutumia ujanja hata chembe. Aliuliza tu! Utafiti gani huo, wa kuuliza watu?

Na babu alikuwepo! Kaletwa na gari, kavalishwa viatu, kakalishwa kiti cha mbele. Kasimamishwa, ukumbi mzima ukampigia makofi. Daktari kamwambia kwa kweli nishani ingekuwa yake, ila umri umezidi thelathini. Babu akasema umezidi kidogo tu. Aliponiona akanipungia, akauliza kwa sauti kama yule binti Sayansi nilimpata.

Mlangoni Daktari Hana kanishika bega. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kasema ulikuwa nayo mkononi, mdogo wangu, tangu siku ya kwanza, wewe ukaipaka rangi. Florian akanipa mkono. Nishani inamning'inia kifuani, ina samaki mdogo juu yake. Hakuniita Profesa. Akasema pole, Renatus, na alimaanisha. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Baba mdogo akaniita kutoka kwenye lori. Mdomo wake bado una zambarau pembeni. Alinivua shati lake pale pale.

Jumanne, 25 Agosti. Bunda.

Mgongo si wangu tena. Vidole vimechanika. Mjomba Silasi ananiamshaga kabla ya jogoo, halafu ananituma nikamwamshe jogoo. Na shambani kuna sisimizi weusi, wamejaa kila shina, wananiuma toka asubuhi hadi jioni. Nimemwomba mjomba tuwachome. Akasema wako hapo tangu enzi za baba yake, nivune.

Lakini! Leo kapita bwana shamba na pikipiki. Kachoka, kakonda. Funza kaharibu pamba ya huku yote mwaka huu, watu wanavuna maganda. Anatafuta shamba hata moja ambalo funza hakuligusa, ajue sababu. Na kuna zawadi! Kijana atakayemwonyesha anapelekwa Musoma, mafunzo, chumba, koti!

Nikaweka kapu chini. Shamba la mjomba Silasi halina funza hata mmoja. Sijui kwa nini. Bwana shamba alikuwa kasimama katikati yake, pamba nyeupe hadi kiunoni, anaruka mguu huu na mguu huu kwa sababu ya sisimizi. Akaniuliza kama nafahamu shamba la namna hiyo.

Nikamwangalia. Nani atampa mtu zawadi kwa kumwonyesha mahali ambapo tayari kasimama?

Nikamwambia lipo. Ila mbali, nyuma ya vilima, njia naijua mimi peke yangu, na kuna chui. Tunaondoka kesho alfajiri. Kanishukuru sana, kakung'uta sisimizi kwenye suruali, kawasha pikipiki, kaenda kutafuta petroli.

Masikini. Hajui bahati iliyomwangukia kukutana na mtu kama mimi.